Kabla Mpira Haujafika

Mpira ukiwa mbali na mshambuliaji, watu humsahau. Macho ya uwanja mzima humfuata aliye nao: beki wa kushoto anayehangaika pembeni, kiungo anayenyoosha mkono kuomba pasi. Mimi humwangalia yule aliyesahauliwa. Amesimama ubavuni mwa beki wa kati, mikono imelegea, uso hauna haraka. Halafu shingo inageuka, mara moja kulia, mara moja kushoto, upesi kiasi kwamba aliyepepesa jicho haoni kitu. Goli huanzia hapo. Yote yanayofuata, kupokea, kugeuka, shuti, wavu na kelele za watu, ni mavuno ya ile shingo.

Ufundi huu nimeutazama kwa wasichana wa Kampala kwa miaka mingi, kwenye viwanja vya shule vya Kawempe, Wankulukuku alasiri za jua kali, na kando ya viwanja ambavyo havina hata jina, ambako magoli ni mawe mawili na mstari wa pembeni ni mfereji wa maji machafu. Nasema ufundi kwa kukusudia. Mwanamume akifunga magoli mengi huambiwa amejifunza kazi. Mwanamke akifunga, wengi husema amejaliwa mbio, au mabeki walikuwa dhaifu, au ni bahati yake. Kauli hizo zimenichosha. Nimekaa karibu vya kutosha kuona saa zinazolala ndani ya goli moja.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa mpira, mama wa makamo ambaye wasichana wake humwita Maama. Alicheza katika enzi ambazo binti aliyevaa bukta alipigiwa miluzi kuanzia stendi ya bodaboda hadi langoni mwa uwanja. Hakuwa na koni, wala vizibao vya rangi, wala filimbi ninayoikumbuka. Alikuwa na mipira mitatu iliyochubuka na vidole vyake kumi.

Zoezi lake lilikuwa hivi. Msichana anasimama akiwa ameligeuzia lango mgongo. Mwenzake, hatua kumi mbele yake, anampa pasi ya chini. Maama anasimama nyuma. Mpira ukiwa bado unabingirika, anainua vidole. Msichana lazima ageuze shingo, avione, na atamke hesabu kwa sauti kabla mpira haujagusa mguu wake. Emu! Bbiri! Ssatu! Akichelewa kidogo tu, hata kama amepokea vizuri, mpira unarudishwa na zoezi linaanza upya. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikahesabu pasi hadi nikachoka kuhesabu, na wale wasichana walikuwa bado wanapaza sauti.

Likishakolea, Maama hubadilisha. Anainua vidole viwili, msichana anatazama, na mara tu anaporudisha macho kwenye mpira, Maama anaongeza kidole cha tatu. Anayesema viwili amekosea. Wapya hulalamika kwamba wamedanganywa. Yeye huwaeleza bila hasira kwamba beki naye hakai mahali ulipomwacha. Kumbe ndiyo maana shingo hugeuka mara mbili. Jicho la kwanza linakuonyesha beki alipo. La pili linakuonyesha anakokwenda, na kama una muda mdogo uliobaki, unalipeleka kwa kipa: je, visigino vyake vimekanyaga chini, au anaelea kwenye vidole vya miguu? Kipa aliyekanyaga visigino huchelewa kuruka. Mshambuliaji anayelijua hilo hana haja ya shuti kali, na Maama aliwakataza kabisa kupiga kwa nguvu ndani ya boksi. Anayepiga kwa nguvu pale, alisema, amekiri kwamba hakuangalia.

Halafu kuna mguu. Mpira wa Kampala haubingiriki kama ule wa televisheni. Uwanja wa murram ni mwekundu, umejaa vijiwe, mvua imeuchimba vijito na jua limevigandisha. Mpira unaokujia chini unaweza kurukia goti lako katika hatua ya mwisho. Kwa hiyo wasichana hawa hujifunza kuuchelewesha mguu. Hawaufuati mpira, wanaungoja kwa mguu wa mbali, yaani ulio upande wa lango, huku mwili umekwisha kugeuka nusu, na wanaamua dakika ya mwisho kabisa ikiwa wataupokea kwa wayo au kwa ugoko. Mguso wa kwanza wa namna hiyo ukiupeleka kwenye nyasi laini za ng'ambo, beki hupotea njia, kwa sababu hajazoea kuona mtu anayeamua akiwa amechelewa hivyo. Uwanja mbovu ni taabu, sitaufanya kuwa neema. Lakini wasichana wameitoa kazi ndani ya taabu hiyo, na kazi yao inastahili kutajwa kwa jina lake.

Fundi wa lubugo, yule anayetengeneza kitambaa cha gome la mti wa mutuba huku Buganda, huwa na nyundo tatu za mbao zenye mifuo tofauti. Huzitumia kwa zamu, na ya mwisho ndiyo humalizia.  UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, na ilifanya vyema. Ninapomtazama mshambuliaji aliyepitia mikono ya mtu kama Maama, naona nyundo tatu zilezile: jicho, mguu, na mwisho ule utulivu wa kumalizia. Kasi ambayo wengi huisifu kwanza huja baada ya hizo zote.

Jina ninalotaka liwekwe mbele ya kila anayebisha ni Fazila Ikwaput.

Mwaka 2018 aliondoka Uganda kwenda kuchezea Gokulam Kerala, klabu ya kusini mwa India, akiwa na Mganda mwenzake Ritah Nabbosa. Ligi ya Wanawake ya India mwaka ule ilichezewa Shillong, kaskazini-mashariki mwa nchi, milimani. Mwaka huohuo akahamia Kazakhstan, katika klabu ya BIIK Kazygurt ya mji wa Shymkent, ambayo ilikuwa ikishiriki Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Ulaya. Septemba 2018 klabu hiyo ilikutana na Barcelona. Shymkent ikashinda 3-1. Barcelona, ambayo mwishoni mwa msimu huo ilifika fainali ya Ulaya, ililazimika kurudi nyumbani na kushinda 3-0 ili isiaibike. Nilipoyasoma matokeo yale nilisimama. Jina la mwanamke wa Uganda limefika katika kikosi kinachoitetemesha Barcelona, na mjini kwetu siku ile mazungumzo yote yalihusu ligi ya wanaume ya Uingereza.

Hakukaa huko milele. Washambuliaji wetu wa kike huishi kwa mikataba mifupi, msimu huu hapa, ujao kule, na katikati kuna miezi ya kufanya mazoezi peke yako ukisubiri simu. Alirudi nyumbani akaichezea Lady Doves ya Masindi, na mwaka 2021 klabu hiyo ya mji mdogo ikatwaa ubingwa wa Uganda mbele ya timu za jiji kuu. Juni 2022 alikuwamo katika kikosi cha Crested Cranes, timu ya taifa ya wanawake, kilichochukua kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, kwa mara ya kwanza, pale Njeru, kwa kuifunga Burundi 3-1 katika fainali. Mwezi uliofuata timu ilikuwa Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake.

Kisha akarudi India, kwa Gokulam ileile. Katika msimu wa 2024-25 alifunga magoli 24 na kuwa mfungaji bora wa ligi nzima. Ubingwa ulikwenda kwa East Bengal ya Kolkata, nayo haikuchelewa: ilimchukua kwa msimu uliofuata, ikamweka pamoja na Mganda mwingine, Resty Nanziri, na Ikwaput akaifungia katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Asia. Klabu zake, basi, zimemfikisha kwenye mashindano makubwa ya Ulaya na ya Asia. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Tuna wanaume wangapi wa Afrika Mashariki wenye safari kama hiyo?

Zingatia miaka. Kati ya mara ya kwanza alipokanyaga India na yale magoli 24 imepita takriban miaka saba. Safari ya kwanza ilikuwa ya binti mwenye kipaji. Ya pili ilikuwa ya fundi. Mshambuliaji huiva taratibu. Mbio huja mapema na huondoka mapema, lakini kujua mahali pa kusimama wakati mpira uko upande wa pili, kujua beki gani huchoka dakika ya sabini na yupi hukasirika, hayo huja baada ya misimu, na baada ya kukosa magoli mengi ambayo hakuna anayeyaandika.

Hapa ndipo mji wangu unaponiumiza. Kampala haimpi mshambuliaji wa kike hiyo misimu.

Angalia majina ya timu zetu za wanawake: Kawempe Muslim, Rines, Uganda Martyrs, Olila, UCU, Makerere. Nyingi ni shule na vyuo. Tunavishukuru, kwa sababu bila hivyo tusingekuwa na ligi. Ligi ya wanawake ilipopata sura ya kitaifa kwa msimu wa 2014-15, shule ya sekondari ya Kawempe Muslim, kwenye Barabara ya Bombo, ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza, na ikarudia tena na tena. Chini ya kocha Ayub Khalifa Kiyingi shule ile ikawa karakana ya washambuliaji. Amepita pale Hasifa Nassuna, ambaye wapenzi wa mpira wa wanawake hulitaja jina lake kwa sauti ya heshima. Amepita Juliet Nalukenge. Karo ya shule, chakula cha mchana, kitanda cha bweni na jezi, vyote katika mkono mmoja: kwa binti wa familia isiyo na kitu, mpira ulikuwa njia ya kukaa darasani. Nani atalibeza hilo?

Lakini shule ina mwisho wake. Binti anamaliza kidato cha sita, ufadhili unakoma, kitanda anapewa mwingine, na yeye ana miaka kumi na tisa, umri ambao jicho lake la pili ndilo kwanza linaanza kuona. Wachache hupata chuo. Wachache zaidi hupata simu kutoka nje. Wengine huuza simu na nguo kwenye maduka ya Kikuubo, huolewa, hulea, na ukikutana nao sokoni hukuonyesha kovu la goti na kucheka. Nimewaona washambuliaji wa kiwango kikubwa wakiishia hapo. Hakuna aliyewafukuza. Kengele ililia tu, wakatoka.

Na ikaja ile miaka ambayo kengele haikulia kabisa. Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko sisi. Yaliyosemwa kuhusu masomo yaliyopotea ni mengi, na kuhusu mimba za mabinti ni mengi zaidi. Ambalo sikulisikia likisemwa ni kwamba kufungwa kwa shule kulikuwa kufungwa kwa karakana zote za mpira wa wanawake kwa siku moja. Uwanja wa shule ulikuwa ndio uwanja. Kocha wa shule ndiye kocha. Lango la chuma likafungwa kwa kufuli na kundi zima la wasichana wa miaka kumi na minne na kumi na mitano, umri ambao vidole vya Maama huingia kichwani na kukaa, likatawanyika vijijini.

Hasara hiyo ina jina na sura. Mwaka 2019 timu ya Uganda ya wasichana chini ya miaka 17 ilialikwa kwenye mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika, kule Mauritius, ikawafunga wenyeji wa ukanda ule na kuondoka na kombe. Nalukenge, aliyezaliwa mwaka 2003, alikuwa mwiba mkali kuliko wote. Mwanzoni mwa 2020 timu hiyo ilizitoa Ethiopia na Tanzania katika kuwania Kombe la Dunia la umri huo, ambalo lingefanyika India. Ilibaki hatua moja, dhidi ya Cameroon. Mechi hizo hazikuchezwa. Kombe likaahirishwa, na Novemba 2020 FIFA ikalifuta. Umri wa miaka kumi na saba haungoji kikao cha shirikisho lolote. Nalukenge alikwenda Cyprus, akasajiliwa na Apollon Ladies ya Limassol, na ninafurahi kwa ajili yake. Lakini wenzake kumi waliomzunguka siku zile, waliomlisha zile pasi, wako wapi leo? Mshambuliaji hutengenezwa na pasi za watu, na wanaozitoa pasi hizo hawaitwi Cyprus.

Wazee wa mpira mjini hapa wana kumbukumbu nzuri wanapotaka. Mwulize dereva yeyote wa bodaboda wa umri wangu kuhusu Phillip Omondi. Atakueleza Accra mwaka 1978, jinsi Uganda ilivyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Omondi akawa miongoni mwa wafungaji bora, na atakuonyesha kwa mguu wake, pikipiki ikiwa imesimama, namna alivyopiga chenga. Uwanja wa KCCA pale Lugogo unaitwa kwa jina lake, na inafaa. Mwulize kuhusu Majid Musisi, wa klabu ya Villa hapa nyumbani hadi Rennes ya Ufaransa hadi Uturuki, atakutajia magoli kwa dakika zake. Mwulize sasa ni nani walioivaa jezi ya Uganda mwaka 2000, timu yetu ya wanawake ilipokwenda Afrika Kusini kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za nchi nyingine.

Baada ya 2000 ilichukua miaka 22 kurudi. Ndani ya miaka hiyo kuna vipindi ambavyo timu ya taifa ya wanawake haikukusanywa kabisa. Ufundi ukaishi bila jezi, kutoka kwa mwanamke hadi kwa binti, kwenye viwanja kama vile vya Maama. Na hata tuliporudi, tulirudi kwa mlango wa upande. Oktoba 2021 tuliishinda Ethiopia 2-0 nyumbani, tukafungwa idadi hiyohiyo Addis Ababa, tukapita kwa penalti. Hatua ya mwisho tulipaswa kucheza na Kenya, na Kenya ikajiondoa kwa sababu ya vurugu za shirikisho lao. Nilisikitika kwa niaba ya pande zote mbili. Kenya ilikuwa na washambuliaji wake, nchi iliyomtoa Esse Akida, yule aliyefunga dhidi ya Ghana katika fainali za 2016. Mechi mbili ambazo zingejaza viwanja vya Kampala na Nairobi zikamalizwa kwa barua.

Morocco, Julai 2022, tulipoteza kwa Senegal 2-0, kwa wenyeji 3-1, tukatoka sare ya 2-2 na Burkina Faso, tukarudi na pointi moja. Magazeti yakaandika kwamba tumetolewa mapema. Nilichokiona mimi ni wasichana wa viwanja vyekundu wakitafuta mguso wao kwenye nyasi zilizonyweshwa maji, na katika mechi ya tatu wakiupata. Laiti wangekuwa na mechi ya nne. Hawakuwa nayo.

Ni nini kimebadilika tangu hapo? Viwanja, kwanza. Nakivubo, uwanja mkongwe kuliko vyote mjini, ulibomolewa ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024 ukiwa umezungukwa na maduka. Huo angalau umebaki uwanja. Vile vidogo ndivyo vinavyoyeyuka. Unapita mahali ulipowahi kuona mechi ya ndondo, unakuta ukuta wa mabati na bango la jengo linalokuja, au kanisa la hema, au maegesho ya malori. Na vilivyobaki vina ratiba isiyoandikwa: saa kumi na moja jioni, jua likipoa, ni za wavulana. Wasichana hupewa saa nane, jua likiwa utosini, au asubuhi za siku za shule. Hakuna sheria inayosema hivyo. Jaribu tu kuwaambia wavulana wasubiri, utaona.

Pili, macho. Leo kila binti anayecheza mpira ana mahali pa kuona magoli ya dunia nzima kwenye simu, ya kwake au ya jirani, na ni jambo jema kwamba anaweza kumwona Racheal Kundananji, binti wa Zambia ambaye Bay FC ya Marekani ilimnunua mwaka 2024 kwa zaidi ya dola 700,000, bei ambayo hakuna mchezaji wa kike aliyekuwa amewahi kufikisha. Lakini tazama kile kinachoonyeshwa. Kipande cha video huanza mpira ukiwa tayari mguuni. Sekunde nane: chenga, shuti, wavu, shangwe. Kila kilichomfikisha mshambuliaji pale kimekatwa, kwa sababu aliyekata haoni kwamba kuna kitu. Hata kamera ya mechi nzima huufuata mpira, na mshambuliaji huingia kwenye picha akiwa amemaliza kazi. Binti anajifunza shangwe. Anajifunza chenga kumi. Anakuja uwanjani, anasimama mgongo umeligeukia lango, pasi inakuja, na shingo haigeuki.

Nimewaona pia mawakala wanaokuja na saa za kupimia mbio. Wanauliza mita thelathini unakimbia kwa sekunde ngapi. Wanauliza umri, na urefu. Sikumbuki hata mmoja aliyekaa dakika tisini akimwangalia msichana asiye na mpira. Makocha vijana, kwa kutaka kuwauzia mawakala kile wanachokitafuta, wameanza kuchagua wakimbiaji na kuwaacha watazamaji. Mpira mrefu nyuma ya mabeki, kimbia, piga. Katika ligi ya shule hutoa magoli mengi. Ukikutana na beki wa Morocco anayekimbia kama wewe, na ambaye ametazama kabla yako, huna kitu kingine mfukoni.

Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Uwanja wa Namboole umekarabatiwa, Hoima imejengewa uwanja mpya, barabara zinapanuliwa. Nitashangilia kama kila mtu. Ila ninasoma bajeti zinazotajwa na kukumbuka mipira mitatu iliyochubuka, na siwezi kuyaweka mambo hayo mawili katika kichwa kimoja nikatulia. Vibarua vya kusawazisha kiwanja kimoja cha murram ni gharama ya viti vichache vya jukwaa la wageni mashuhuri.

Wale wa mwaka 2000 wanazeeka. Wengine wanafundisha kwa kujitolea, nauli kutoka mifukoni mwao, bila cheti ambacho kingewawezesha kuajiriwa kwa sababu kozi ni ghali na mtoto wa nyumbani anahitaji karo. Wanachokijua hakijaandikwa katika kitabu chochote cha ukocha nilichokisoma, maana kilizaliwa kwenye vumbi letu, kwa ajili ya mpira unaoruka hovyo. Kila mmoja wao anapoacha kuja uwanjani, wasichana wanaofika siku ile huambiwa wazunguke uwanja mara kumi, kisha wagawane timu mbili.

Ikwaput naye atarudi siku moja, kama alivyorudi kutoka Shymkent. Tunajua kupokea watu uwanja wa ndege wa Entebbe: kamera, maua, mheshimiwa mmoja mwenye hotuba, ahadi. Safari hiyo ningependa tumpe kitu kingine. Tumpe kiwanja, saa za jioni jua likiwa limepoa, mshahara wa kila mwezi, na wasichana sita wa miaka kumi na mitatu ambao bado hawajajua kugeuza shingo.